Mfuko mtupu ni wa nani?

Siku ya kugawa chakula, macho yote yanakuwa kwenye mizani. Mama mmoja mmoja anaitwa kwa jina lake, anaonyesha kadi, anapimiwa maharagi, unga, chumvi kidogo na mafuta ya kupikia, anatia alama ya kidole kwenye daftari na kuondoka. Ikifika saa nane mchana ghala limebaki tupu, mizani imefungwa, na wale waliokuwa wakipima wanaanza kufagia. Hapo ndipo vinaonekana vitu ambavyo havijaandikwa katika daftari lolote: mifuko mitupu imerundikwa pembeni, bidoni za mafuta, katoni zilizolowa, sashe nyepesi zinazopeperuka hadi mlangoni, maharagi yaliyotobolewa na wadudu, unga ulioganda kwa ukungu kwenye kona ambako maji ya mvua yanaingia.

Juma hili tunazungumzia hivyo vilivyobaki. Maghala ya namna hii tunayo katika komini zote tatu, Ibanda, Kadutu na Bagira: ya parokia, ya makanisa mengine, ya misikiti, ya vyama vya wamama vilivyoanza kwa kotisasio ya franka kidogo kidogo ili mjane au mgonjwa asilale njaa. Penginepo duniani yanaitwa benki ya chakula. Mwezi wa Februari 2025, ghala la Shirika la Chakula Duniani, PAM, lilipoporwa hapa mjini na karibu tani 7,000 za chakula zikatoweka, hata mtu ambaye hakuwa anayajali maghala madogo alielewa kazi yake. Lakini ghala dogo lina tabia yake. Linanunua sokoni kidogo kidogo, na linagawa kidogo kidogo. Kwa hiyo kila kilo ya chakula inakuja na plastiki nyingi kuliko kilo iliyotoka katika gunia kubwa.

Na hiyo plastiki inakwenda wapi? Kwa kawaida kuna njia mbili. Ya kwanza ni kiberiti nyuma ya nyumba, na moshi mweusi unaoingia katika vifua vya watoto na kurudi hadi ndani ya ghala ambamo unga wa juma lijalo unangojea. Ya pili ni mtaro.

Mtaro tunaujua. Mji wetu umejengwa kwenye milima, na kila kinachotupwa juu kinashuka chini pamoja na mvua. Kinatoka Kadutu, kinaingia mto Kahwa, Kahwa inakipeleka ziwani. Wengi wanadhani safari inaishia hapo, kwamba Kivu ni kubwa na itameza. Ziwa halimezi. Maji yake yana mlango mmoja tu wa kutokea, nao uko hapa kwetu Bukavu, pale Ruzizi inapoanza safari yake ya kushuka hadi Tanganyika. Sashe, chupa na bidoni zilizopasuka zinafuata maji hayo hayo mpaka zinakutana na ukuta wa Ruzizi I, kituo cha umeme cha SNEL kinachofanya kazi tangu mwisho wa miaka ya 1950. Watu wamepiga picha mara nyingi: eneo lote la maji mbele ya kituo limefunikwa na takataka kana kwamba ni nchi kavu. Wafanyakazi wanazitoa kwa mashua na kwa mikono, na nyingine zilizozama zinafuatwa chini na wapiga mbizi. Takataka zikiingia kwenye mitambo, mtambo unasimamishwa, na umeme unakatika mjini. Chini yake kuna Ruzizi II, iliyofunguliwa mwaka 1989, inayotumiwa pamoja na nchi yetu, Rwanda na Burundi. Nayo inakunywa maji ya mto huo huo.

Sasa tumfuate yule mama aliyepewa mahindi. Amepanda nayo mlima hadi kwake, amepumzika, ametuma mtoto kwenye mashini ya kusaga. Mtoto anarudi na mahindi yake kichwani: hakuna umeme. Umeme wetu unakatika kwa sababu nyingi, za nyaya kuukuu, za mashini zilizochoka, za maji kupungua, na hatutabebesha sashe makosa yote ya SNEL. Lakini sababu hii moja inatoka mikononi mwetu wenyewe, na sehemu yake, hata kama ni ndogo, inatoka katika ghala lililomlisha mama yule.

Kuna sheria juu ya jambo hili. Amri ya serikali ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko na sashe za plastiki kwa kuuzia vyakula, maji na vinywaji. Anayetaka kujua imefuatwa kiasi gani apite soko la Nyawera au la Kadutu asubuhi yoyote. Wenzetu wa ng'ambo ya Ruzizi walikataza mifuko ya plastiki mwaka 2008, na huko anayevuka mpaka na sashe anaiacha mpakani. Sisi tusingoje polisi. Na salongo ya Jumamosi, pamoja na heshima yote kwa wanaoifanya, imekuwa mara nyingi ni kutoa takataka mtaroni na kuziweka kando ya mtaro, ambapo mvua ya Jumatatu inazirudisha. Kazi yenye faida inafanyika mapema zaidi, kabla kitu hakijaitwa takataka.

Ni vizuri kukumbuka kwamba benki ya chakula yenyewe ilizaliwa jalalani. Mwaka 1967, katika mji wa Phoenix huko Marekani, mtu mmoja aitwaye John van Hengel alifungua ghala la kwanza la namna hiyo. Inasimuliwa kwamba wazo alipewa na mama mmoja aliyekuwa akilisha watoto wake kwa vyakula vizima vilivyotupwa nyuma ya duka kubwa. Mama huyo ndiye aliyesema pangekuwepo mahali pa kuweka chakula na kukitoa kama watu wanavyoweka na kutoa pesa benki. Jina la van Hengel limebaki katika historia. La mama halijulikani sana, jambo ambalo wasomaji wa gazeti hili hawatalishangaa.

Basi tuanze na foleni. Ukiuliza wamama wa ghala waanze wapi, wengi watasema mapipa: moja la plastiki, moja la karatasi, moja la maganda. Mapipa yanapendeza kwenye picha. Lakini nusu ya plastiki ya ghala haikai ghalani hata saa moja. Inaondoka na chakula, katika sashe nyeusi ambazo mgawaji anazinunua kwa mafungu ili kupimia maharagi. Hizo sashe hazitarudi kwenye pipa lolote. Dawa yake ni chombo cha kujia. Mama akija na kikapu chake, na kitambaa cha unga, na kibidoni cha mafuta, sashe tatu zimeokolewa kwa mtu mmoja. Zidisha kwa foleni nzima, kila juma, mwaka mzima.

Hapa kuna hatari ambayo lazima isemwe wazi. Tukiweka sharti kwamba asiye na chombo hapimiwi, tutakuwa tumemwadhibu aliye maskini kuliko wote: mkimbizi aliyefika jana bila hata sufuria, au mzee aliyetuma mjukuu. Sharti la namna hiyo halifai kabisa. Afadhali ghala lishone vifuko vya kitambaa kutoka mabaki ya vitenge ambayo kila fundi cherehani wa mtaa anayo sakafuni, liandike namba juu yake, na kumpa kila mwenye kadi viwili. Akija bila kifuko, anapimiwa katika kingine na kuombwa arudishe vyote juma lijalo. Akisahau tena, anapimiwa tena.

Kwamba watu hawatarudisha? Wanarudisha tayari. Mama mwenye mtoto wa utapiamlo anajua: katika vituo vingi vya lishe, anapopewa Plumpy'Nut ya juma moja, anaombwa juma lijalo arudi na sashe tupu, ili muuguzi ajue mtoto amekula na dawa haikuuzwa sokoni. Wamama wanazikunja, wanazifunga, wanazileta. Tazama pia chupa ya Primus. Hakuna mtu aliyewahi kuona chupa hizo zikielea kwenye Kahwa kama sashe zinavyoelea, kwa sababu chupa tupu ina bei, na bila chupa tupu hupewi iliyojaa. Kurudisha chombo ni desturi ya mji huu tangu zamani. Ilipotea tu pale chombo kilipokuwa cha bure.

Tuje kwenye mfuko, ile mifuko myeupe ya nyuzi za plastiki ya kilo 25 au 50. Hapa ndipo maneno yanapozaliwa. Mfuko mtupu ulio mzima una bei sokoni Kadutu. Wauza makala wanautafuta, wauza mchanga wanautafuta, wakulima wanaotoka Kabare na Walungu wanautafuta. Ghala linalofungua mifuko 20 kwa mwezi lina mali ndogo mkononi, na mali ndogo isiyoandikwa inavunja chama haraka kuliko mali kubwa. Mlinzi anadhani ni haki yake kwa sababu analala pale. Mwenyekiti anawapa jamaa zake. Wabeba mizigo, wale wamama wanaopanda na kilo 50 au zaidi mgongoni kutoka bandarini, wanaona kwamba mfuko walioubeba ungekuwa mshahara wao wa pili. Kila mmoja ana sababu. Na wote wanatazamana.

Kwa hiyo, kabla ya pipa lolote, mradi wa kutumia tena vitu vya ghala unahitaji ukurasa mmoja katika daftari. Upande wa kushoto: mifuko iliyofunguliwa leo, mizima na iliyochanika. Upande wa kulia: imekwenda wapi, nani ameipokea, kwa franka ngapi. Anayeandika asiwe yule anayeuza, na anayeuza asiwe yule anayeweka pesa. Wamama wa AVEC hawahitaji kufundishwa hili. Sanduku lao lina kufuli tatu na funguo zake ziko kwa watu watatu. Pesa ya mifuko iingie katika sanduku la namna hiyo, na isomwe kwa sauti siku ya kugawa, mbele ya wale wanaopokea chakula, kwa maana mfuko uliletwa kwa jina lao.

Je, yote iuzwe? Mimi nasema hapana. Baadhi ya mifuko irudi kwa wanaopokea, kama bustani. Kwenye kiwanja chetu cha mita chache, kilicholala kama paa la nyumba, mfuko mmoja uliojazwa udongo na mbolea ni shamba. Katikati unasimamisha nguzo ya mawe madogo ili maji yafike hadi chini. Ubavuni unatoboa matundu na kupanda lengalenga au sukuma. Juu unaweka vitunguu au nyanya. Jambo moja ambalo waalimu wa bustani hawasemi sana: jua linaula mfuko huo. Baada ya misimu michache unaanza kutoa nyuzi nyeupe, na nyuzi hizo nazo ni plastiki zinazobaki udongoni na kushuka na mvua. Uweke mahali penye kivuli cha nusu siku, na ukianza kukatika utolewe, usiachwe uoze, kwa maana hautaoza.

Bidoni za mafuta hazina shida kubwa. Katika mji ambao bomba la Regideso linatoa hewa siku nyingi kuliko maji, hakuna bidoni nzima inayotupwa. Ioshwe kwa maji ya moto, sabuni na mchanga kidogo, ikaushwe ikiwa imepinduliwa. Angalizo ni moja: bidoni iliyowahi kubeba petroli au dawa ya kuulia wadudu wa shamba isiingie kabisa katika mzunguko wa maji na chakula, hata ikioshwa mara kumi. Ndiyo maana ghala lipokee bidoni zake lenyewe tu, zile zenye namba yake.

Katoni ni za kuwashia moto na za mbolea. Tusipoteze muda hapo.

Chupa na plastiki nyingine ngumu zina watu wake hapa hapa mjini. Nicole Menemene alianzisha Plastycor, ambako plastiki zinazookotwa kandokando ya ziwa zinakatwa nyuzi nyuzi na kusukwa kuwa vikapu na vyungu vya maua. Ghala linaloweza kuweka chupa zake safi, zilizokaushwa na kutengwa, linamrahisishia kazi yeyote anayefanya ufundi wa namna hiyo, kwani sehemu ngumu ya kazi hiyo ni kuosha tope. Huko Nairobi, mhandisi Nzambi Matee anachanganya plastiki na mchanga kutengeneza matofali ya kutandika njiani, na mwaka 2020 alipewa tuzo ya vijana na shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira. Anatumia mashine za joto na za kukandamiza. Tunalisema hili kwa sababu kuna wanaojaribu kuyeyusha sashe katika sufuria nyuma ya nyumba baada ya kuona video. Moshi wake ni sumu. Acheni.

Sasa chakula kilichoharibika, na hapa tuwe wakali. Kila ghala lina wema wa hatari: hakuna anayependa kutupa chakula mbele ya wenye njaa, basi mahindi yenye ukungu yanaoshwa, yanaanikwa, yanasagwa pamoja na mazuri. Ukungu wa kijani au wa manjano kwenye mahindi na karanga unaweza kubeba sumu inayoharibu ini. Sumu hiyo haifi kwa kuchemshwa, haitoki kwa kuoshwa, na haionekani ndani ya unga. Kuku akila, inaweza kumfikia anayekula yai lake. Kuyapikia pombe ya kienyeji pia si njia. Kinachofaa ni kuchambua kwa mkono kabla ya kupima, punje kwa punje, kazi ambayo wamama wanaifanya vizuri kuliko mashine, na yaliyochambuliwa yakaenda moja kwa moja katikati ya lundo la mbolea na kufunikwa. Maharagi yaliyotobolewa na wadudu bila ukungu ni jambo lingine. Hayo yanapepetwa na kuliwa.

Lundo lenyewe halihitaji mtaalamu. Tabaka la vitu vibichi, maganda ya ndizi, majani ya kabichi, mabaki ya sombe; tabaka la vitu vikavu, majani makavu, katoni zilizochanwa, maganda ya maharagi; majivu kiasi cha kunyunyiza tu. Liwe na unyevu wa nguo iliyokamuliwa. Kwa mvua zetu, lifunikwe kwa majani ya ndizi, la sivyo litageuka supu. Ligeuzwe kila juma mbili, na baada ya miezi mitatu hivi linanuka kama udongo wa msituni. Nyama na samaki zisitiwe, labda kama mnataka kufuga panya na mbwa wa mtaa mzima.

Maganda mabichi yaliyo safi, kabla ya kufika kwenye lundo, yana njia fupi zaidi: simbilisi, ambao wengi wetu tunawaita kobayi. Mnyama huyu anafugwa jikoni kwetu tangu tukiwa watoto, anakula majani na maganda, hahitaji nafaka, na mimba yake inachukua kama miezi miwili. Ghala lenye mabaki ya mboga kila juma linaweza kulisha jozi kadhaa, na watoto wao kupewa familia moja baada ya nyingine, kila familia ikirudisha mtoto mmoja kwa ajili ya inayofuata. Maganda ya muhogo yaanikwe kwanza juani hadi yakauke vizuri; mabichi yana sumu, hasa ya muhogo mchungu.

Baada ya haya yote bado itabaki kitu kisicho na njia: sashe zenye karatasi ya kung'aa ndani, kama za biskuti na za maziwa ya unga. Zimebandikwa tabaka juu ya tabaka na hapa mjini hakuna wa kuzitenganisha. Dawa ya kweli ni kutozinunua pale inapowezekana. Zilizopo zijazwe ndani ya chupa na kukandamizwa kwa kijiti hadi chupa iwe ngumu. Angalau hazitapeperuka hadi mtaroni, na chupa ngumu kama hizo zinaweza kuzungushia lile lundo la mbolea ukuta mdogo.

Na watoto wanaookota? Kila jalala la Bukavu lina maibobo wake, na kuna mama mzee au wawili wanaoishi kwa kuuza chupa. Ghala likianza kukusanya plastiki ya mtaa mzima linaweza kuwanyang'anya riziki bila kujua. Kwa maoni yangu, ghala lishughulike na vitu vyake lenyewe tu, lisitume watu mitaani kuokota, na chupa zake lizitenge kwa hao hao wanaookota, zikiwa safi, siku inayojulikana. Wengine katika chama wanaona afadhali ziuzwe zote ili sanduku lijae. Mjadala huo ufanyike wazi, na wanaookota waitwe wakae kwenye benchi pamoja na wengine.

Kwa wenye nia ya kuanza: kiangazi ndicho wakati mzuri, kati ya Juni na Agosti, lundo lijengwe na vifuko vishonwe kabla mvua za Septemba hazijafungua mitaro. Siku ya kwanza hamhitaji pesa. Mnahitaji daftari jipya, kalamu, na mtu wa kuhesabu mifuko mitupu mbele ya watu, kwa sauti, kabla ufagio haujaanza kazi.